Figo Mbili za Kiang'ombe

Hakuna kitu duniani cha kunishangaza mimi. Sisemi hivyo kwa kujisifu, ingawa nikijisifu pia nina haki. Niliacha shule darasa la nne, nikaanza kufagia damu kwenye kichinjio cha Meru nikiwa sina viatu, na leo nina bucha tatu, pikapu mbili na nyumba ya ghorofa hapa Majengo. Nimeona fahali aliyekwisha chinjwa akiinuka na kutembea hatua saba. Nimeona mtu akiuza ng'ombe mmoja kwa watu watatu siku moja, na wa tatu alikuwa askari. Sasa niambie, mtu kama huyo utamshangaza na nini?

Lakini nilikuwa nimechoka. Miaka thelathini ya kuamka kabla ya adhana si mchezo. Magoti yananilia nikipanda ngazi za nyumba yangu mwenyewe, na mkono wa panga huwa unakufa ganzi ikifika adhuhuri. Daktari alinitazama akaniambia nikapumzike mahali pasipo na mizani. Nikawatangazia wateja kwamba nakwenda likizo kama Mzungu. Kwani kila siku magari ya watalii yanapita hapa mjini, mengine yanapanda mlimani, mengine yanashuka mbugani, na mimi nawauzia madereva wao nyama ya kuchoma bila kujua hao watu wanakwenda kutazama nini.

Hiyo ndiyo sababu niliyowapa watu. Sababu ya kweli ni mke wangu, Mwanaidi. Mama yake, marehemu Fatuma, alizaliwa Mbeere huko Embu, chini ya kilima cha Kiang'ombe, na jina lake la kwao lilikuwa Igoki. Alipomfuata mwanamume wa Majengo na kusilimu, baba yake akasema asikanyage tena boma lile. Hakukanyaga. Tulimzika hapa Meru na hakuna hata mtu mmoja wa kwao aliyekuja. Sasa katika watoto wa boma lile amebaki ndugu mmoja tu, Mzee Nyaga, na tukasikia kwamba nyonga imemharibikia, haendi tena mbali na mlango.

"Huyu akienda," Mwanaidi aliniambia, "hakuna mwingine wa kuniita mtoto wa pale. Nitakuwa nimetoka hewani."

"Basi tutakwenda," nikasema. "Mimi ndiye nitakayezungumza naye. Wazee nawajua."

"Wewe utaendesha gari," akasema.

Siku ya kwanza, saa kumi na mbili asubuhi, Meru. Tulipakia gunia la viazi vya Kibirichia, sukari, majani ya chai na blanketi zito. Viazi nilichagua mwenyewe, vile vyekundu vya udongo wa juu, kwa sababu sitaki mtu aseme Hamisi alikwenda ukweni na viazi vya maji. Kisu changu nilikifunga kwa kitambaa nikakiweka chini ya kiti. Mwanaidi aliuliza cha nini. Nikamwambia fundi haendi safari bila chombo chake.

Barabara ya kwenda Embu inapanda na kushuka kama mtu asiyejua anachotaka. Kila baada ya muda kuna bonde, chini ya bonde kuna mto, na maji yote ni ya mlima, yana rangi ya chai ya rangi na baridi ya kuumiza meno. Tukiteremka kwenye daraja la Nithi, pale magari huanguka, nilishika usukani kwa mikono miwili na nikanyamaza, jambo ambalo Mwanaidi alilisifu. Yeye alikuwa akinong'ona peke yake njia nzima. Nilidhani ni dua. Kumbe alikuwa akijaribu salamu za Kimbeere alizokumbuka kwa mama yake. Maneno hayo hayakuzidi kumi.

Saa saba mchana, Kianjokoma. Hapa tulipanga kulala kwa Njiru, mkulima wa majani chai ambaye zamani alikuwa akiniuzia ng'ombe wake waliokauka maziwa. Nyumba yake iko karibu kabisa na msitu. Chai inaishia, unakuja uzio wa stima wa kuzuia ndovu, halafu ni miti mpaka juu kwenye mawe. Nilitaka kulala. Njiru alitaka kunitembeza.

"Umekuja likizo au umekuja kulala?" akanicheka. "Kitanda si kiko hata Majengo?"

Tukaenda. Njia ilikuwa ya utelezi na mimi nilivaa viatu vya msikitini. Lakini nitasema kweli: baada ya nusu saa tulifika mahali mto unapoanguka kutoka kwenye mwamba mrefu kama minara miwili, na ukungu wa maji yale ulinipiga usoni nikasahau magoti. Mbega weupe kwa weusi, wale wenye mikia kama mashuka, walikuwa wakiruka juu yetu bila hofu. Hapakuwa na mtu mwingine. Hata tiketi haikuwepo.

"Watalii wako wapi?" nikauliza.

"Wanapita," Njiru akasema. "Wale wa theluji wanakwenda juu, wale wa simba wanakwenda chini. Hapa katikati wanapita wakiwa wamelala kwenye gari."

Nikakaa juu ya jiwe. Nilikaa sana, mpaka Njiru akaniuliza kama ninaweza kuinuka. Nikamwambia mimi nimebeba nusu ng'ombe begani kwa miaka kumi na tano. Akaniambia hilo hakuuliza. Mwishowe alinivuta kwa mkono.

Jioni, tukila njahi, yale maharagwe meusi, na chapati, Njiru alipata habari ya safari yetu akatikisa kichwa. "Wambeere ni watu wazuri, Hamisi. Lakini huko wewe ni mkwe. Mkwe anakaa anapoambiwa na anainuka anapoambiwa."

"Mimi nimekaa na kila kabila," nikamjibu. "Wote wanakula nyama."

Mwanaidi alinitazama, akarudi kwenye sahani yake.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, tukiteremka. Ukitoka Kianjokoma kwenda Mbeere unashuka kama mtu anayevuliwa nguo moja moja. Kwanza nilitoa koti, kisha sweta, halafu nikafungua vifungo vya shati. Chai ikaisha, kahawa ikaisha, ikaja migunga na udongo mwekundu, na muguka, yale majani ya kutafuna, umepandwa kila mahali kwa mistari. Kwenye miti kuna mizinga ya magogo inaning'inia, na ndege wenye midomo mikubwa ya manjano wanaruka kwa kuyumba kama wamebeba mzigo. Halafu Kiang'ombe kikatokea mbele, kilima kikubwa cha buluu kimekaa peke yake. Mwanaidi akaniambia nisimamishe gari. Alishuka, akakitazama, akapanda tena.

Saa sita tulifika. Mlangoni alitupokea Wanja, mke wa marehemu mtoto wa Mzee Nyaga, mwanamke wa umri wangu hivi, mwenye sauti ya kusikika ng'ambo. Yeye ndiye anayemtunza mzee. Mzee mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya ghala, redio shingoni kwa kamba, muguka shavuni. Nilitegemea kumkuta mgonjwa. Nikamkuta mkali.

Mwanaidi akainama, akasema yale maneno yake kumi ya Kimbeere. Mzee akasikiliza mpaka mwisho. Hakutoa mkono.

"Hiyo ni sauti ya Igoki," akasema kwa Kiswahili, nafikiri ili na mimi nisikie. "Kaa chini. Lakini mkono sikupi bado. Mimi sisalimii mtoto wa nyumba kama mgeni, na mtoto wa nyumba hujakuwa. Kesho tutachinja mbuzi. Nikishakupa kitu kwa mkono wangu, hapo nitakusalimia."

"Asante, Mjomba," Mwanaidi akasema, akakaa chini pale alipoambiwa.

Halafu mzee akanigeukia. "Na huyu Mswahili na gunia?"

"Viazi vya Kibirichia, Mzee. Namba moja."

"Viazi," akamwambia Wanja. "Miaka yote hii, wameleta viazi."

Wanja akacheka mpaka akashika kiuno. Mimi nikacheka pia, lakini si sana.

Siku ya tatu, asubuhi. Mbuzi alitolewa zizini, beberu mweusi ti, bila hata unywele mweupe. Mzee akaniita. "Nasikia nyinyi hamkuli nyama kama haijachinjwa na mtu wenu. Sitaki huyu msichana ashindwe kula. Kwa hivyo shika kisu wewe."

Hapo nilimheshimu. Nikamwelekeza mbuzi kibla, nikasema bismillahi, na kwa mkono mmoja nikamaliza kazi. Mzee akasema vizuri. Halafu akasema anakwenda kuvaa koti na kungoja wazee wawili wa jirani, akaondoka kwa mkongojo wake, hatua moja, pumzi, hatua nyingine. Wanja na Mwanaidi walikuwa jikoni.

Sasa nisikilizeni nyinyi mnaonijua. Mimi nikiachwa na mbuzi aliyechinjwa na kisu changu, nitafanya nini? Nitakaa namtazama? Nikamtundika kwenye mti, nikachuna ngozi kama mtu anayevua soksi. Nikatoa matumbo. Nikaomba panga kwa dirisha la jikoni, Wanja akanipa bila kutazama. Nikapasua mgongo katikati, mbavu nikakata vipande vya robo kilo, miguu nikakata vipande vya nusu, kila kipande sawa na mwenzake hata mizani isingebishana. Kazi yote haikuchukua hata dakika ishirini. Na figo, kama desturi ya kichinjio chetu, ni za mchinjaji. Kule kwetu hata tajiri mwenye ng'ombe hawezi kuuliza figo ziko wapi. Kulikuwa na moto wa kuni tayari. Nikazichoma zote mbili na mafuta yake, nikanyunyiza chumvi niliyokuwa nayo mfukoni, nikala nikiwa nimesimama. Zilikuwa tamu. Hilo siwezi kulikana.

Wanja akatoka na karai. Akasimama. Akatazama ile nyama iliyopangwa juu ya majani, akaweka karai chini polepole.

"Baba Zuhura," akasema, maana binti yetu wa kwanza anaitwa Zuhura, "nani amekuambia ukate?"

"Nimewasaidia."

"Mgongo uko wapi?"

"Si huu hapa? Huu na huu na huu."

"Na figo?"

"Nimezila."

"Gani?"

"Zote."

Akaweka mkono mdomoni. Sauti yake yote ikaisha, ikawa ya mtu anayesema karibu na mgonjwa. "Mungu wangu. Zile ndizo alikuwa ampe."

Ndipo nikaelezwa, jua likinipiga kichwani na mafuta bado yako mdomoni. Pale kwao mbuzi wa kurudisha mtu nyumbani hakatwi ovyo. Kila kiungo kina mwenyewe. Mgongo mzima ni wa akina mama wa boma. Mbavu za upande mmoja ni za wazee wanaoshuhudia. Na figo mbili, mzee anazichukua kwa mkono wake, anamwekea yule msichana mkononi mbele ya watu, anakula, basi amerudi. Ndicho kile kitu alichosema atampa. Hakunieleza kwa sababu haikumjia kwamba kuna mtu mzima duniani ambaye hajui.

Mzee Nyaga alikuja na koti lake na wazee wawili. Wanja akamwambia kwa Kimbeere. Akasikiliza. Akanitazama mdomo.

"Huyu mtu," akasema, "amekula bibi yake."

Wale wazee wawili walicheka mpaka mmoja akakohoa. Mzee hakucheka. Akavua koti.

"Mzee, nisamehe," nikasema. "Nitanunua mbuzi mwingine sasa hivi. Kumi ukitaka. Mimi si mtu wa kushindwa na mbuzi."

"Mbuzi ya hii nyumba imeisha leo," akasema. "Hiyo imebaki ni nyama. Wewe ni mtu wa bucha, pelekea wateja." Akawasha redio.

Mwanaidi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Nilitaka apige kelele. Kelele zake nazijua, zinaanza na kuisha. Alikuja karibu, akaniambia taratibu, "Miaka ishirini na sita nimekula ulichokata, Hamisi. Leo ungengoja kidogo tu." Akarudi ndani.

Mchana ule sikula. Watu wa boma walipika ile nyama maana chakula hakitupwi, lakini walikula kama watu wanaokula ugali mtupu. Nilikaa kwenye pikapu, mlango wazi, na uchovu wa miaka yote nilioukimbia Meru ukanikuta pale. Wanja ndiye aliyekwenda na kurudi kati yangu na mzee. Safari ya kwanza alirudi na hapana. Ya pili, hapana. Ya tatu alirudi na chai.

"Amesema hivi. Utatafuta mwingine, mweusi, dume, hana kovu, hana alama. Soko la Ishiara ni kesho kutwa. Halafu lazima alale kwa zizi letu, ale majani yetu, ndio awe wa hapa. Na kesho, kwa sababu umekaa bure, utachunga."

"Kuchunga nini?"

"Mbuzi. Amesema wewe unajua mbuzi akiwa amekufa peke yake."

Siku ya nne, Kiang'ombe. Nilichunga. Mtu mwenye bucha tatu, na fimbo mkononi, nyuma ya mbuzi kumi na sita. Wale wanyama walijua mara moja kwamba sijui kitu. Walipanda kilima, na mimi nikapanda, nikisimama kila hatua ishirini kuongea na magoti yangu. Njia inapita kwenye vichaka vyenye harufu kama dawa, kwenye mawe wamelala mijusi wa buluu, na nyuki wanavuma juu ya kichwa kama stima. Kadiri unavyopanda, miti inakuwa mikubwa na kivuli kinakuwa baridi. Kuna sehemu ya msitu pale juu ambayo mbuzi wenyewe walisimama hawakuingia, nami sikuwalazimisha. Baadaye Wanja aliniambia hapo hapajakatwa mti tangu zamani za wazee.

Nilipata mwamba tambarare nikaketi. Upande mmoja niliona mlima wetu, theluji kidogo kama kitambaa kimesahauliwa juu. Upande wa pili niliona maji ya mabwawa ya Tana yakimeremeta mbali sana. Katikati ni nchi yote hii, mito, mashamba, vilima vidogo, na barabara ya lami ambayo vigari viliipita kama siafu. Nikajua baadhi ni watalii wanaokwenda mlimani au mbugani, na hakuna aliyegeuza uso huku. Mimi nilikuwa pale peke yangu na sikuwa na furaha hata kidogo. Nilikuwa nikimtazama mwanamke mmoja mdogo kule chini, akifagia uwanja wa boma ambalo halikuwa limemsalimia. Alifagia mahali pale pale mara tatu.

Jioni niliporudi, mzee akahesabu mbuzi.

"Kumi na sita," akasema. "Hakula hata moja."

Siku ya tano, saa mbili asubuhi, soko la Ishiara. Miaka thelathini nanunua mifugo, kutoka Ruiri mpaka Isiolo, na hakuna aliyewahi kuniuzia mbuzi kwa bei yake. Huwa najitokeza kama sina haja, nashika mbavu, natema mate, naondoka, wananiita. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nilizunguka soko lote. Mbuzi weusi walikuwepo, lakini huyu ana kwato nyeupe, yule ana kovu, yule ni jike. Mwishowe nikamwona beberu mmoja mweusi kama usiku, amefungwa kwenye nguzo, na pembeni yake amekaa mama mnene na mwavuli.

Nikashika mbavu. Nikatema mate. "Huyu amekonda. Nitakupa elfu saba."

Yule mama hakuniangalia hata. "Elfu ishirini na tano."

"Mama, nauliza mbuzi, siulizi ng'ombe."

"Hii si ya kuuliza. Hii ni ya wewe." Akafunga mwavuli ili anione vizuri. "Si ni wewe yule Mswahili alikula figo kwa Nyaga?"

Watu waligeuka. Mwenye kuuza kuku, mwenye kuuza kamba, wote. Mmoja akapaza sauti, "Muulize kama zilikuwa na chumvi!" Nikaondoka kama kawaida yangu. Hakuna aliyeniita. Nikafika mpaka kwenye geti la soko, nikageuka, nikaona wote wananitazama kwa utulivu kama watu wanaongoja mvua ambayo wingu lake wameliona. Nikarudi.

"Ishirini," nikasema.

"Ishirini na tatu na nusu, na kamba nakuachia, kwa sababu nahurumia mama yako." Alimaanisha mke wangu.

Nikalipa. Beberu yule nilimkalisha kiti cha mbele cha pikapu, nikaogopa asiumie nyuma akapata kovu. Tulitazamana njia nzima.

Siku ya sita, asubuhi. Beberu alikuwa amelala zizini, amekula majani, sasa ni wa pale. Mzee alivaa koti tena, wazee wale wawili wakaja. Nikachinja. Bismillahi, mkono mmoja. Halafu mzee akasema, "Kisu weka chini. Kaa pale," akaninyooshea ndoo iliyogeuzwa karibu na zizi. Nikakaa.

Ndugu zangu, sijapata adhabu kama ile. Mzee mwenye nyonga mbovu na wenzake wawili wasioona vizuri walimkata mbuzi yule kwa kijisu kidogo cha kumenyea viazi, nafikiri viazi vyangu, kwa muda wa saa mbili na nusu. Walichuna wakasimama kuzungumza. Walibishana kiungo kimoja kinaanzia wapi. Walipotea njia kwenye paja. Mikono yangu ilikuwa inawasha mpaka nikaikalia. Mara moja nilifungua mdomo, Mwanaidi akanitazama kutoka kule kwa akina mama, nikaufunga.

Lakini niliona kitu. Hakuna mfupa uliovunjika. Kila kiungo kilitoka kizima pale Mungu alipokiunganisha, na kila kilipotoka mzee alitaja jina la mtu, na mtu huyo akaja kuchukua. Mgongo ulichukuliwa na wanawake wakiwa wameushika pande mbili kama mtoto mchanga. Mimi nimekata mbuzi labda elfu nyingi na sijawahi kujua hata mmoja alikuwa wa nani.

Figo zilichomwa mwisho. Mzee aliziweka kwenye kiganja, akasimama bila mkongojo, Wanja akimshika kiuno. Mwanaidi akaja mbele. Mikono yake ilikuwa imekunjuliwa kama ya mtu anayeomba dua.

"Igoki alitoka hapa kwa mlango ule," mzee akasema, "na mimi nilikuwa kijana nikanyamaza. Leo nimesema. Kula, Ciarunji."

Hilo lilikuwa jina la mama yake Mzee Nyaga, nyanya yake Mwanaidi. Mwanaidi akaweka figo mdomoni, akatafuna, machozi yakimshuka mpaka kidevuni. Akatafuna tena. Halafu akauliza, "Mjomba, chumvi iko?"

Boma zima lilianguka kwa kicheko, na mzee akacheka kwa mara ya kwanza, mpaka muguka ukatoka. Akampa mkono. Akamshika mkono ule kwa muda mrefu sana, akamsalimia kwa salamu ndefu ya Kimbeere, na Mwanaidi akamjibu yale maneno aliyoyajua, na yalipoisha akayarudia.

Mimi pia alinisalimia. Aliniambia, "Mswahili, ukirudi, njoo na njaa kidogo."

Saa tisa alasiri, njia ya kurudi. Hatukupitia Kianjokoma, nilikuwa sina nguvu ya kutembezwa. Tulipanda kutoka joto hadi baridi, nikavaa nguo moja moja. Nilitegemea Mwanaidi alale. Alikaa wima njia nzima, akiniambia majina ya watu: huyu ni mtoto wa fulani, yule ni binamu, yule mzee mwenye kikohozi ni shahidi wangu. Mpaka tunafika Chuka nilikuwa nimesikia majina ishirini. Nilipomwomba msamaha, kwa mara ya kwanza kwa sauti, alisema, "Ulichunga vizuri," akaendelea na majina.

Sasa wateja wananiuliza likizo ilikuwaje. Niliona simba? Sikuona simba. Nililala hoteli gani? Nililala kwenye pikapu. Nimepumzika? Magoti yamezidi. Nilichojifunza ni hiki: nimekaa miaka thelathini katikati ya nyama na nilikuwa najua uzito tu. Siku hizi mteja akinunua mbuzi mzima namuuliza kwanza ni wa shughuli gani na nani atamkata, na vijana wangu wanadhani nimeanza kuzeeka. Mwanaidi amekwenda tena kwao, mwezi uliopita, peke yake, bila dereva.

Na kwa wale wanaotaka kujua, maana najua ndicho mnachongoja: ukijumlisha mbuzi, mafuta ya gari, blanketi, sukari, viazi, na bucha tatu kukaa siku sita bila mwenyewe, figo zile mbili zilinigharimu shilingi elfu hamsini na nane, mia tatu na arobaini.